Boksi Lililovaa Vitambaa

Nina kasoro mbili ambazo walimu wangu wote walizitaja kwenye ripoti: nacheka pasipo pa kucheka, na hasira zangu hazipigi hodi. Siku mama aliponipigia simu kuniambia kwamba ameombwa "apumzike" kuimba solo kwenye kwaya ya kigango chetu, kasoro zote mbili zilinijia kwa pamoja. Nilikuwa kwenye benchi langu la ufundi Bilele, mjini Bukoba, pasi ya kulehemu mkononi, na mbele yangu redio ya mzee mmoja wa Kashozi iliyokuwa ikishika kila kituo isipokuwa kile anachokipenda mwenyewe. Nikacheka kwanza, nikidhani mama ananitania. Kisha hasira ikapanda nikajiunguza kidole.

"Wamesemaje hasa?" nikamuuliza.

"Hawajasema vibaya, waitu. Wanasema sauti yangu inashuka. Naanza vizuri, nikirudi kwenye ubeti wa pili niko chini. Mwalimu anadhani ni masikio."

Hapo kicheko kikaniishia. Katika ukoo wetu neno masikio halina mzaha. Bibi, mama yake mama, alizeeka akawa kiziwi kabisa. Aliishia kukaa jikoni akitikisa kichwa kukubali kila kitu alichoambiwa, hata alipoulizwa swali la kuchagua hiki au kile. Sisi watoto tulikuwa tunamchezea, tunamwambia ng'ombe amepanda juu ya bati, naye anatikisa kichwa na kutabasamu. Mama alituchapa kwa hilo, na alituchapa akilia. Sasa mama mwenyewe ameingia umri ule, na mwalimu wa kwaya amelitaja lile neno mbele ya watu.

Solo yenyewe ni ya wimbo wa matoleo, na mama ameiimba tangu kabla sijazaliwa. Kinanda kinampa sauti moja tu, kisha kinanyamaza. Mama anaanza peke yake, kwaya inamjibu, ngoma inaingia polepole. Nimezaliwa nimeukuta, na hadi leo nikiusikia nanyoosha mgongo nisije nikafinywa na mama kama utotoni. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kigango, na kwa mara ya kwanza solo ile ingeimbwa na mtu mwingine, mke kijana wa jirani yetu, binti mwenye heshima zake na sauti nyembamba.

"Nakuja Jumamosi kwenye mazoezi," nikasema.

"Usije kugombana."

"Nakuja kusikiliza tu."

"Basi njoo na mdomo umeufunga," akasema mama, maana ananijua.

Jumamosi asubuhi nikapanda basi kwenda Muleba. Nilikwenda kama binti wa mtu, si kama fundi. Kwenye mkoba nilikuwa na bisibisi peke yake, kwa sababu bila bisibisi siendi popote, hata harusini. Pale mjini Muleba nikashuka, nikachukua pikipiki kupanda kilima, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nyuma la kigango nikiwa mpole kama kondoo wa kwenye picha.

Mbele upande wa kushoto kilikuwapo kinanda, spika mbili zilizosimama mbali mbali, na kwenye meza ndogo kati yake, boksi langu.

Nasema langu kwa sababu nililitengeneza mwenyewe. Adapta ya kinanda ilipoungua miaka sita iliyopita, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, kichwa kimejaa michoro na mfuko hauna kitu. Nikachukua transfoma kutoka kwenye amplifaya iliyokufa, nikatafuta dayodi nne, kapasita mbili nene zinazosaidiana, na regyuleta moja ya kusawazisha umeme, nikavifunga vyote ndani ya boksi la bati na kukipa kigango zawadi. Ilikuwa pawasaplai yangu ya kwanza, boksi la kukilisha kinanda umeme, kutoka mkononi kwangu kwenda kwa watu. Padri alilibariki kwa maji ya baraka, nami nikamwomba asimame mbali kidogo.

Mama hakuweza kuliacha uchi. Kwetu kitu cha heshima lazima kivae. Redio inavaa kitambaa cha kufuma, televisheni inavaa, chupa ya chai inavaa, migongo ya makochi inavaa kila mmoja na wake. Mama alilifumia boksi langu vitambaa vitatu: cha chini kizito cha nyuzi nene, cha kati chenye pindo la rangi ya chungwa, na cha juu chenye tausi aliyefungua mkia, chini yake maandishi KARIBU MGENI. Kila Krismasi nilipokuja nililiona limekaa pale limevishwa kama bibi harusi, na kila Krismasi nilivimba kichwa.

Mazoezi yakaanza vizuri tu. Wimbo wa mwanzo, Utukufu, wimbo wa katikati, wote safi. Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye pia mpiga kinanda, ni mtu mwembamba mwenye masikio makini na adabu nyingi, na adabu yake ndiyo iliyokuwa inaniudhi zaidi, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hupati pa kumshikia. Nikaanza kufikiri labda kweli. Labda mama anazeeka, na mimi nimefunga safari kuja kumgombania mtu na miaka yake.

Ilipofika kama nusu saa hivi, ukaja mvumo.

Haukuja ghafla. Ulipanda chini chini kutoka kwenye zile spika mbili, mmmmm, mzito, wa sauti moja isiyopumua, ukakaa humo ndani kana kwamba umelipiwa pango. Nikanyanyua kichwa. Nikatazama watu, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Nikamgusa mama mmoja wa kwaya aliyekuwa karibu yangu, nikamuuliza, "Unausikia huu mvumo?"

"Mvumo gani?" akasema.

Mtu akikaa jirani na mashine ya kusaga hasikii mashine. Lakini mimi kazi yangu ni kusikia. Umeme wa ukutani unakwenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Dayodi nne zinaukunja, unakuwa mapigo mia moja yanayosukuma upande mmoja. Kapasita zinayapokea mapigo hayo na kuyalaza. Mfano wake ni lile pipa tunalotega chini ya mchirizi. Mvua inaweza kuja kwa mikupuo, lakini ukifungua koki ya chini maji yanatoka sawa. Pipa likipungua, mikupuo inafika hadi kwenye ndoo. Na mikupuo mia moja kwa sekunde, ikipita kwenye spika, ina sauti yake: inakaa juu kidogo ya noti ya Sol kwenye kinanda na haifiki kwenye noti nyeusi inayofuata. Iko katikati, mahali ambapo hakuna mtu wa kwaya anayepaswa kukaa.

Nilikuwa bado nausikiliza wakati mwalimu alipompa mama nafasi ya mwisho. Akabonyeza noti moja, akaondoa mikono. Mama akasimama karibu na kinanda, mbali na spika, akaimba ubeti wa kwanza peke yake. Ulikuwa mzuri. Watu ishirini na wawili waliosimama kati ya spika mbili wakamjibu, na nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe wakipanda, kidogo tu, unywele, wakaenda kukaa juu ya ule mvumo kama kuku wanaoingia bandani. Mama akarudi na ubeti wa pili pale pale alipouacha. Na kweli, baada ya wale, alionekana yuko chini.

Mwalimu akakunja uso kwa upole wake. "Mama yetu," akasema, "uzee si aibu. Umetuongoza miaka mingi. Pumzika."

Mama akatikisa kichwa. Alikitikisa vile vile, kama bibi.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka niko kwenye kinanda, nabonyeza noti ile ile aliyoibonyeza mwalimu, nakishikilia kidole. "Mama, imba!" Akaimba, sauti ikaingia kwenye noti kama mguu kwenye kiatu chake. "Kwaya, imbeni!" Wakaimba, na kinanda na kwaya vikasigana mpaka mtoto mmoja aliyebebwa mgongoni akaanza kulia.

"Mnaona?" nikapiga kelele. "Mama yuko sawa! Ni ninyi! Mnaimba na umeme!"

Mvumo ukaendelea. Mzee mmoja wa besi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka haki itendeke: "Watu ishirini na wawili wakosee, mama mmoja apatie?"

Nikaangua kicheko. Sikuweza kujizuia, mbele ya msalaba, mbele ya mama aliyekuwa ananikodolea macho, nilicheka mpaka nikashika meza. Hasira ilikuwa imeisha yote. Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuliona jambo lenyewe: kama mvumo ndio unaowapandisha, na mvumo unatoka kwenye boksi, na boksi nimelitengeneza mimi, basi aliyemnyang'anya mama solo yake si mwalimu. Ni mimi binti yake, na kipaji changu.

Mwalimu, kwa haki yake, aliuweka mkono sikioni akasikiliza vizuri, na nikaona uso wake unabadilika. "Huu mvumo una karibu mwaka, ulianza baada ya Krismasi," akasema polepole. "Tulidhani ndiyo sauti ya spika." Mwaka huo huo ndio mama alioanza "kushuka." Lakini sikukuu ilikuwa kesho, na mtu mzima habadilishi kwaya kwa maneno ya fundi mmoja anayecheka ovyo. Akatoa hukumu: "Chukua boksi. Kesho kabla ya misa, likinyamaza na kwaya ikaelewana na kinanda, mama anaimba. Lisiponyamaza, tunaendelea kama tulivyopanga. Kinanda tutakizima."

Nikalichomoa. Mama akanifuata nje na vile vitambaa vitatu amevikunja. "Usilichukue bila nguo zake," akasema, akavitia kwenye mkoba wangu. Hakuniuliza kama nitaweza. Aliniuliza nimekula nini.

Kwenye basi la kurudi Bukoba nililipakata boksi magotini, na jirani yangu wa kiti, akidhani nimebeba kuku ndani, alitaka kujua kama amekufa kwa vile haoneshi dalili ya uhai. Saa nane mchana nilikuwa benchini. Nikalifungua, nikaunganisha balbu ya taa ya nyuma ya pikipiki liwe na mzigo wa kubeba, nikaunganisha spika ndogo nisikilize, nikachomeka.

Kimya. Kimya safi, kimya cha kanisa siku ya Jumatano.

Nikapima kwa mita upande wa kutokea, kwenye kipimo cha umeme wa kwenda na kurudi, ambako mawimbi yangeonekana kama yapo. Karibu sifuri. Nikatazama kapasita: vichwa bapa, hazijavimba, hazijavuja. Nikapima dayodi moja moja, zote nne hazina neno. Nikabadilisha regyuleta kwa sababu tu ilikuwa ya bei rahisi na mimi nilikuwa na wasiwasi. Kimya. Nikaacha liwake dakika kumi, ishirini, huku nimelitegea sikio. Jirani yangu wa Bilele, mama mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pwani na Kiswahili chake kinanitia aibu kila siku, akachungulia dirishani.

"Bibie, leo unaliuguza nini hilo?"

"Linaumwa kijijini, mjini limepona."

"Hilo si gonjwa, hilo ni deko," akasema, akaenda zake kugeuza vitumbua.

Nilianza kuogopa. Hakuna kitu kinachomtisha fundi kama kifaa kisicho na kosa. Nilifikiri labda ni umeme wa kule kilimani, unafika umechoka. Lakini kama ni umeme, mbona nusu saa ya kwanza boksi lilikuwa kimya? Nilifikiri labda ni waya wa kinanda. Nilifikiri, Mungu anisamehe, labda nilicheka bure na mama anazeeka tu. Saa kumi ilikuwa inakaribia. Kijasho kikanitoka, nikaingiza mkono mkobani kutafuta kitu cha kujifutia, nikatoka na kitambaa cha nyuzi nene, kile cha chini kabisa kinachogusa bati.

Katikati yake palikuwa na duara la rangi ya kahawia, limeungua kama chapati iliyosahauliwa.

Nilikitazama. Nikakinusa. Kisha nikapiga yowe ambalo jirani anasema lilimfanya adondoshe upawa.

Boksi lilikuwa halipumui! Miaka sita, kila misa na kila mazoezi, mama amelivisha nguo tatu za sufu na uzi, kwa upendo, na joto la transfoma na regyuleta halina pa kutokea. Na mimi hapa nimelivua, nimelifungua kifuniko, nimeliweka dirishani lipigwe na upepo wa ziwa, halafu namuuliza mgonjwa kwa nini hana homa. Nikarudisha kifuniko. Nikalivisha kama mama anavyolivisha, cha chini, cha kati, tausi juu, KARIBU MGENI ikitazama mlangoni. Nikachomeka, nikakaa.

Dakika kumi. Kimya. Ishirini. Jirani akaja na sahani ya vitumbua akakaa nami bila kuuliza, kama watu wanavyokaa na mjamzito. Ilipofika nusu saa, kwenye ile spika ndogo, kwa mbali, mmmmm.

"Huyo!" nikapaza sauti. "Huyo, huyo, huyo!"

"Nani?" akauliza jirani, ameshtuka ameshika kitumbua.

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nikavua vitambaa, nikang'oa kifuniko, na kwa kijiti kikavu cha kuchokolea meno nikaanza kugusa mguu wa kila kitu, mmoja baada ya mwingine, polepole. Transfoma, hakuna mabadiliko. Dayodi, hakuna. Kapasita ya kwanza, hakuna. Kapasita ya pili, nikaubonyeza mguu wake chini kidogo tu: kimya. Nikaachia: mmmm. Nikabonyeza: kimya. Nikaachia: mmmm. Nilibonyeza na kuachia mara ngapi sijui. Nikaanza kupigia mdundo wa wimbo wa matoleo, jirani akaanza kupiga makofi, naye hajui anapigia nini, na wote wawili tukacheka hadi machozi.

Kisha nikaligeuza bodi na kuangalia kwa taa. Kuzunguka mguu wa kapasita ile, risasi ya kulehemu ilikuwa ya kijivu, imekwaruzika, na ufa wa duara mwembamba kama uzi. Boksi likiwa baridi, mguu unagusa. Likipata moto, bati linatanuka, mguu unaachia, pipa moja kati ya mawili linaondoka chini ya mchirizi na lililobaki halitoshi. Mtu aliyelehemu pale hakusubiri pasi ipate moto sawasawa. Alikuwa na haraka ya kwenda kusifiwa. Nilimkumbuka vizuri yule binti, na kama ningempata ningemfinya.

Nikaikwangua ile risasi ya zamani, nikasafisha mguu, nikalehemu upya taratibu hadi ikang'aa na kutulia. Nikatoboa matundu ubavuni mwa boksi. Halafu, kwa kuwa sikujiamini tena, nikalivisha vitambaa vyote vitatu na kuliacha liwake muda wa mazoezi mawili. Halikutoa hata mguno.

Jumapili nilifika kilimani mapema, mama akanipokea njiani amevaa gomesi yake ya sikukuu. Nilikuwa nimevikunja vitambaa ili pale palipoungua pawe ndani. Akavichukua, akavikunjua papo hapo, akaliona duara.

"Ni mimi?" akauliza.

"Ni sisi wawili," nikasema. "Mimi nililehemu vibaya, wewe ukanifunika."

Akanitazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka kile kicheko chake cha kuinama ambacho nilikuwa nimekisahau. "Mae waitu! Kumbe nilikuwa nalipika." Tulisimama katikati ya njia tukishikana mabega, watu wa misa wanatupita na kutuamkia, nasi hatuwezi kuitikia.

Kigangoni nikaunganisha boksi likiwa wazi, nikasimama mbele ya kwaya na kusema kosa ni langu, niliharakisha kazi miaka sita iliyopita, mama hana tatizo la masikio. Ya vitambaa sikuyasema. Mwalimu akaangalia saa yake akasema tutasubiri nusu saa, kwa kuwa jana mvumo ulikuja baada ya nusu saa. Basi watu ishirini na wawili, na mwalimu, na mama, na mimi, tukakaa kimya tukilitazama boksi la bati. Sijawahi kubanwa na kicheko namna ile. Yule mzee wa besi alisogea akalitegea sikio, akaligeuzia uso wa mashaka, akarudi kukaa. Kila mtu aliyekohoa alitazamwa vibaya.

Nusu saa ikapita. Mwalimu akabonyeza noti, akaondoa mikono, akampa mama ishara.

Mama akaimba. Kwaya ikajibu, na ikawa vurugu kubwa ambayo sijapata kuisikia kanisani: wengine juu, wengine chini, wengine wamesimama mlangoni mwa sauti hawajui waingie wapi. Mwaka mzima walikuwa wameegemea ukuta, na ukuta umeondolewa. Wakanyamaza wenyewe wakitazamana. Mama hakunyamaza. Alirudi na ubeti wa pili pale pale alipouacha, akawatazama usoni mmoja mmoja kama anavyotutazama sisi tukichelewa kuitikia, na safari hii, mmoja mmoja, wakamfuata. Mwalimu akabonyeza noti taratibu katikati ya wimbo. Ikaingia.

Akasimama kutoka kwenye kinanda, akamkabili mama. "Mama yetu, utusamehe," akasema.

Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sijasikia vizuri, Mwalimu. Sema tena."

Kigango kikaporomoka kwa vicheko, na aliyecheka sana ni yule binti aliyekuwa apewe solo. Alikuja akamkumbatia mama, uso umemlegea kwa furaha ya kunusurika. Katika misa mama aliimba. Sina la kusema kuhusu kuimba kwake zaidi ya kwamba nilinyoosha mgongo.

Nyumbani tulikula ndizi na maharage, wawili tu, mlango wa jikoni ukiwa wazi kuelekea kibanja chetu cha migomba. Nilikuwa bado nimelewa ushindi. Nilikuwa namwigiza mzee wa besi kwa mara ya tatu. Mama akacheka, kisha akaweka kijiko chini.

"Unajua nilikuwa nafanya nini mwaka huu?" akasema. "Kila asubuhi, kabla ya sala, nilikuwa nahesabu. Jogoo wa kwetu. Mbuzi wa jirani. Mtu anayechota maji. Kuna ndege mmoja wa kwenye mti wa mpaka. Navihesabu vyote, nione kama kipo kilichopungua. Siku moja yule ndege sikumsikia. Nikasubiri, hakuna. Nikasema, basi, imeanza. Nilikwenda kibanjani alipolala bibi yako, nikakaa kwenye majani, nikaimba ile solo yote, mwanzo hadi mwisho. Nilitaka niisikie vizuri nikiwa bado naweza."

Miaka sita nilikuwa nikija hapa Krismasi kulitazama boksi langu na kuvimba.

"Na ndege?" nikauliza.

"Alikuwa amehama tu, mwanangu. Ndege wanahama." Akanisogezea sahani. "Kula."

Nikala, machozi yanadondokea kwenye maharage. Akaondoka kwenda kuosha vyombo, na nikamsikia ameanza ubeti wa kwanza, bila kinanda, bila umeme, pale pale unapopaswa kuwa.